Kuwakaribisha ndege wa majira ya baridi uani: mbegu, shahamu, maji au vichaka?

Mbayuwayu wakishaondoka nchi za kaskazini kuelekea Afrika, uani hupoa. Halafu, kuanzia mwishoni mwa Septemba na Oktoba, huingia wengine waliotoka kaskazini zaidi. Junko, ndege wa kijivu mwenye tumbo jeupe, hushuka kutoka misitu ya Kanada hadi kwenye viwanja vya nyumba huko Marekani. Ndege waitwao mikesha, wenye ubavu mwekundu, huvuka bahari usiku kutoka Skandinavia na Aisilandi, wakatua Uingereza. Kwa ndege hawa, mahali ambapo watu wanavaa makoti mawili ndiko kusini, ndiko walikokimbilia kupata nafuu.

Anayetaka kuwapokea hukutana na ushauri wa kila namna. Mmoja humwambia atundike chombo cha mbegu. Mwingine humwonya kwamba mbegu huleta magonjwa. Wa tatu husema aachane na hayo yote apande vichaka. Kila mmoja ana hoja yake, na msikilizaji hubaki palepale. Naona tunakimbilia kuuliza kipi bora kabla ya kuuliza maswali mawili yanayotangulia: ndege akifika uani kwako anakosa nini, na wewe unaweza kutunza nini bila kuchoka mpaka baridi iishe?

Vipimo vya kulinganishia

Nitapima njia nne kwa mambo yaleyale: ndege gani huvutwa nayo, kazi yake ikoje, inachukua muda gani kabla hujaona mgeni wa kwanza, ina hatari gani, na nini hutokea ukiacha katikati. Hilo la mwisho watu husahau kuliuliza, ilhali ndilo linalowasumbua moyoni wanaposafiri wiki mbili mwezi wa Januari.

Kabla ya kupima, inafaa kujua ndege mdogo anapambana na nini. Chikadi mwenye kofia nyeusi, ndege wa Amerika Kaskazini, ana uzito wa gramu 11 hivi. Mchana joto la mwili wake ni kama nyuzi 42 za Selsiasi. Usiku wa baridi kali huliteremsha kwa nyuzi 10 hivi ili asimalize mafuta aliyojilimbikizia mchana, na kukicha huamka akiba ikiwa karibu kwisha. Mchana wenyewe ni mfupi: London, katikati ya Desemba, mwanga wa jua haufiki saa 8. Kwa hiyo ndege mdogo wa kaskazini ana saa chache za kutafuta chakula cha usiku mzima, na usiku huo una saa 16. Yote utakayomfanyia yapimwe kwa hesabu hiyo. Je, yanampa nguvu kuliko anazotumia kuyafikia?

Njia ya kwanza: mbegu kwenye kilishio

Wanaokuja. Hawa ndio wengi zaidi: chikadi na jamaa zake, chiriku wa aina nyingi, shomoro, njiwa. Ukinunua mbegu za aina moja tu, nunua alizeti nyeusi. Ganda lake ni jembamba na kiini kina mafuta mengi. Mtazame chikadi anavyoila. Haketi kwenye kilishio. Huchukua mbegu moja, huruka nayo hadi tawini, huibana kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha huigonga kwa mdomo mpaka ganda lipasuke. Mara nyingine haili, huichomeka kwenye ufa wa gamba la mti ije kuliwa siku nyingine. Chiriku hana haraka hiyo. Hukaa palepale akisaga ganda kwa mdomo wake mnene, maganda yakidondoka chini.

Junko hapendi kuning'inia. Huyu hula ardhini, chini ya kilishio au pembeni mwa kichaka, kwa hiyo mtupie mawele kidogo juu ya theluji iliyokanyagwa. Mifuko ya mchanganyiko wa bei rahisi huwa imejazwa mtama mwekundu, na ndege wengi wadogo huutupa chini wakitafuta kilicho cha maana. Mfuko wa alizeti tupu huonekana ghali zaidi lakini hautupwi nusu yake.

Muda. Wengine huja siku ya pili, wengine baada ya wiki mbili au tatu. Mahali ambapo hapajawahi kuwa na chakula, ndege huchukua muda kukiamini chombo kipya. Usikihamishehamishe.

Kazi. Hapa ndipo wengi huanguka. Kujaza ni kazi nyepesi, kuosha ndiko kunakoachwa. Kilishio kioshwe angalau kila wiki mbili kwa maji ya moto na sabuni, kisha kiloweshwe katika maji yenye dawa ya klorini, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, kisuuzwe vizuri na kikauke kabisa kabla ya kujazwa. Maganda na kinyesi chini yake vizolewe. Karanga ziwe hazina chumvi na zisiwe na ukungu, kwa sababu sumukuvu inayodhuru watu na kuku humdhuru na ndege huyu.

Hatari. Kilishio huwakusanya mahali pamoja ndege ambao porini wangetawanyika, na mmoja akiwa mgonjwa huacha mate na kinyesi mahali wengine wanapolia. Haya yameshatokea kwa kiwango kikubwa. Ugonjwa wa trikomonosi, unaoshambulia koo mpaka ndege anashindwa kumeza, ulionekana kwa chiriku wa Uingereza mwaka 2005. Chiriku kijani wakapungua kiasi kwamba mwaka 2021 walihamishwa kutoka orodha ya kijani hadi orodha nyekundu ya ndege walio mashakani nchini humo. Huko Marekani, katika baridi ya 2020 na 2021, bakteria wa salmonela waliwaua chiriku wa misonobari waliofurika kutoka kaskazini, na katika majimbo kadhaa maofisa wa wanyamapori waliwaomba watu washushe vilishio kwa muda. Ukimwona ndege amejifutua manyoya, amezubaa, na haruki hata ukimkaribia, hiyo ni dalili. Shusha chombo, kioshe, na ukae wiki mbili au zaidi bila kukirudisha.

Kindi na panya pia watakuja. Kindi huzuiwa kwa mfuniko wa mviringo kwenye nguzo, chini ya kilishio, panya kwa kutoacha mbegu zilale ardhini usiku.

Ukiacha katikati. Wasiwasi ni kwamba ndege waliozoea kilishio watakufa kikiondolewa. Kuna utafiti mzuri wa chikadi uliofanywa Wisconsin, Marekani, miaka ya 1980. Walioishi karibu na vilishio walivuka baridi kwa asilimia 69, na wasiokuwa navyo kwa asilimia 37. Tofauti hiyo ilitokana na miezi yenye baridi kali kupita kiasi. Baadaye watafiti haohao waliondoa vilishio mahali vilipokuwapo kwa miaka mingi, na chikadi wa pale wakaishi sawasawa na wale ambao hawakuwahi kulishwa. Yaani hawakuwa wamesahau kujitafutia. Nalielewa hivi: mbegu zako ni msaada wa kweli wakati wa dhiki, na siku za kawaida ni nyongeza tu. Ukisafiri, usikate kwa ghafla katikati ya wiki ya baridi kali. Wakati mwingine wowote nenda kwa amani.

Inamfaa nani. Anayetaka kuwaona ndege wengi kwa haraka, aliyepo nyumbani muda mwingi, na ambaye kuosha vyombo hakumshindi.

Njia ya pili: shahamu

Hii ni ile shahamu ngumu inayozunguka figo za ng'ombe, iwe kama ilivyo au ikiwa imeyeyushwa na kugandishwa pamoja na mbegu au karanga zilizosagwa.

Wanaokuja. Vigong'ota, chikadi, na wale wadogo ambao kiangazi huishi kwa wadudu na baridi huwakuta hawana wa kutosha. Mbegu nzima haina maana kwa ndege mwenye mdomo kama sindano, ila shahamu anaimudu. Hapa kuna jambo ambalo kwangu ni la ajabu kuliko yote katika habari hii. Kuna ndege mdogo, Sylvia atricapilla, dume lake lina utosi mweusi na jike utosi wa kahawia. Kwa desturi wale wa Ulaya ya kati walikwenda kusini kama Hispania kukwepa baridi. Tangu karne iliyopita, baadhi yao wameanza kuelekea Uingereza badala yake, na utafiti umehusisha mabadiliko hayo na chakula kinachowekwa bustanini, mafuta yakiwemo. Watu wanaotundika vipande vya shahamu wamesaidia kugeuza njia ya safari ya ndege.

Muda. Kigong'ota akiishi karibu, siku chache. Pasipo miti mikubwa jirani, unaweza kungoja sana.

Kazi. Ndogo kuliko ya mbegu. Kipande kimoja hudumu siku kadhaa, hakuna maganda, na uchafu chini ni mdogo. Kibakizi cha waya, yaani kikapu kinachoshika kipande, husafishwa kila unapobadilisha kipande.

Hatari. Joto. Siku ikipanda kidogo shahamu hulainika, huanza kunuka, na hujipaka kwenye manyoya ya kifua. Manyoya yaliyoshikana kwa mafuta hayazuii tena baridi wala maji, kwa hiyo msaada umegeuka madhara. Ndiyo maana mafuta yaliyobaki kwenye kikaango hayafai kabisa: ni laini, yana chumvi na mabaki ya viungo. Mipira ya mafuta inayouzwa ndani ya wavu wa nailoni itolewe kwenye wavu huo kwanza, kwa kuwa ndege hunasa vidole. Kwezi wakivamia na kumaliza kila kitu, tumia kibakizi kinachofunguka upande wa chini tu. Kigong'ota na chikadi hula wakiwa wamening'inia bila shida, kwezi hilo humtaabisha.

Ukiacha katikati. Si tatizo kubwa. Kipande huisha polepole, na ndege huona kikipungua.

Inamfaa nani. Mwenye miti mikubwa karibu, anayeishi mahali ambapo baridi hushika bila kulegea, au mtu mwenye muda mdogo wa usafi. Mahali ambapo baridi huja na kuondoka kila wiki, sipendekezi itangulie nyingine.

Njia ya tatu: maji yasiyoganda

Wanaokuja. Karibu wote, na hapo ndipo uzito wake ulipo. Robini na mikesha wasiopenda sana mbegu huja majini. Anayekula mbegu kavu kutwa nzima anahitaji kunywa kuliko wote. Ndege wanaweza kula theluji, na hula, lakini kuiyeyusha tumboni hutumia joto lilelile wanalolibania. Manyoya nayo yanahitaji kuoshwa ili yakae sawa na kushika hewa ya joto. Kwa hiyo kuoga si anasa hata penye barafu.

Muda. Penye madimbwi na vijito hutaona tofauti kubwa. Penye ardhi iliyoganda kila upande, beseni moja la maji laweza kugunduliwa siku hiyohiyo.

Kazi. Hii ndiyo njia yenye kazi ya kila siku. Maji yabadilishwe kila asubuhi, na beseni lisuguliwe kwa brashi kila siku chache, kwa sababu ndege hunya humohumo wanamokunywa. Kina kisizidi sentimita 5, kiwe kinateremka taratibu kutoka ukingoni, na jiwe au mawili yatokeze juu ya maji ili ndege apate pa kusimama. Beseni la rangi nyeusi likiwekwa juani huchelewa kuganda. Mpira mdogo unaoelea husaidia kwenye baridi nyepesi kwa kutikisatikisa maji. Baridi ikiwa kali, kinachobaki ni kifaa cha kupasha maji kwa umeme kilichotengenezwa kwa kazi hiyo ya nje, au wewe mwenyewe na birika la maji ya uvuguvugu asubuhi na alasiri.

Hatari. Usitie chumvi, gliserini, wala dawa ya kuzuia kuganda ya kwenye gari. Hiyo ya gari ni sumu, chumvi hudhuru, na gliserini huharibu manyoya. Usimimine maji yanayochemka, kwa ajili ya ndege na kwa ajili ya beseni pia, maana la udongo au la kioo hupasuka. Paka naye hupenda kuvizia penye maji, kwa hiyo beseni likae wazi, mita mbili au tatu kutoka kichakani: karibu kiasi cha ndege kukimbilia, mbali kiasi cha kumwona paka akitoka.

Ukiacha katikati. Ndege watatafuta pengine. Wakati wa kiangazi hilo ni jepesi kwao, wakati wa barafu si jepesi. 

Inamfaa nani. Aliyekatazwa kuweka mbegu na masharti ya jengo, mwenye hofu ya panya, au aliye na majirani wanaolisha tayari. Kama mtaa mzima una vilishio na hakuna mwenye maji, nadhani jibu lako limeshapatikana.

Njia ya nne: vichaka, na kona isiyofyekwa

Wanaokuja. Wale ambao kilishio hakiwaleti. Wa kwanza ni wala matunda. Ndege wa Bombycilla, mwenye kishungi na vidoa vyekundu kama nta bawani, haendi penye mbegu. Baadhi ya miaka, matunda ya mti wa Sorbus yakiwa haba Skandinavia, hufurika Uingereza kwa maelfu, wakavamia mti mmoja hadi mwingine mpaka matunda yaishe. Mwaka unaofuata huenda usimwone hata mmoja. Mikesha nayo hutegemea matunda ardhi inapoganda na minyoo kutofikika.

Wa pili ni wachokonoaji wa majani makavu. Ukiacha majani yaliyopukutika chini ya kichaka badala ya kuyazoa, utamwona junko akiruka nyuma kwa miguu yote miwili, akiyakwangua na kufunua mbegu na wadudu waliojificha chini yake. Wa tatu ni chiriku wanaokula mbegu zikiwa bado kwenye mmea. Alizeti iliyokauka ikisimama, na maua ya kiangazi yaliyoachwa bila kukatwa, huwa kilishio ambacho hakihitaji kuoshwa.

Kichaka pia ni kinga. Usiku wenye upepo, kichaka cha kijani kibichi kilichosongamana huwa mahali pa kulala, na mchana huwa pa kujificha kipanga anapopita.

Muda. Hapa uvumilivu unahitajika. Mche mdogo huchukua miaka 3 hadi 5 hivi kabla ya kutoa matunda ya maana. Lakini kona isiyofyekwa huanza kazi siku uliyoacha reki. Ni njia moja yenye kasi mbili, na watu huikataa kwa kuangalia ile ya polepole tu.

Kazi. Nyingi mwanzoni, ndogo baadaye. Panda mimea ya asili ya eneo lako, inayoiva kwa nyakati tofauti, ili matunda yasiishe yote Novemba. Hedera, mtambaazi wa Ulaya usiopukutisha majani, hukomaza matunda mwishoni mwa baridi wakati mengine yamekwisha, na kwa hiyo una thamani kubwa huko kwao. Kwa mimea ya Ilex, kumbuka kuna dume na jike. Jike ndilo lenye matunda, na bila dume jirani halizai. Wengi hununua mche mmoja, wakangoja matunda yasiyokuja. Upogoaji wa ua ufanywe baridi inapokwisha na kabla ndege hawajaanza kutaga. Ukiupogoa Oktoba umewatupia matunda yao.

Hatari. Chache, ila zipo. Si kila tunda jekundu ni chakula. Nandina domestica, inayopandwa sana kwa uzuri wake, ina sianidi katika matunda yake, na mwaka 2009 huko Georgia, Marekani, Bombycilla kadhaa walikutwa wamekufa baada ya kuyala kwa wingi. Na mmea wa kigeni unaoenezwa na ndege unaweza kuvamia msitu wa jirani. Ulizia kwenye kitalu mmea unatoka wapi kabla ya kuuliza bei.

Ukiacha katikati. Hakuna kinachosimama. Ukisafiri miezi mitatu, kichaka kipo.

Inamfaa nani. Mwenye ardhi yake, au mwenye ruhusa ya kupanda, anayetarajia kukaa hapo miaka mingi. Na yeyote mwenye kona anayoweza kuiacha bila kufyeka, hata akiwa mpangaji.

Nyongeza: vijumba vya kulala

Sikuviweka kwenye mizani kwa sababu havivuti ndege mchana. Kazi yake ni usiku. Lakini kijumba cha kutagia kilichoachwa wazi wakati wa baridi hutumika kuliko mtu anavyodhani. Mwaka 1969, huko Norfolk, Uingereza, Troglodytes 61, ndege wadogo wa kahawia wenye mkia uliosimama, walihesabiwa wakilala pamoja katika kijumba kimoja. Toa kiota cha zamani, safisha, kiache kining'inie.

Vioo na paka

Haya mawili yanahusu njia zote nne, na usipoyashughulikia unawaita ndege kwenye mtego. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba kati ya ndege milioni 365 na karibu bilioni moja hufa kila mwaka kwa kugonga vioo vya majengo. Kilishio au beseni liwe ndani ya mita moja kutoka dirishani, ili ndege asipate mwendo wa kuumia, au liwe mbali, zaidi ya mita 9. Katikati ya hapo ndipo pabaya. Alama za kubandika ziwekwe upande wa nje wa kioo, zikiachana sentimita 5 hivi, na zifunike kioo chote. Picha moja ya mwewe katikati ya dirisha haisaidii, ndege hupita pembeni yake. Paka wako abaki ndani hasa alfajiri na jioni. Kama paka ni wa jirani na huna la kufanya, vyombo vyako viinuliwe juu ya nguzo laini isiyopandika, na uache wazo la kulisha ardhini.

Chagua kwa hali yako

Unaishi ghorofani na una kibaraza tu: angalia masharti ya jengo kwanza. Yakiruhusu, kilishio kidogo cha alizeti iliyomenywa, kilichobandikwa kwenye kioo chenyewe, hakiachi maganda kwa jirani wa chini. Yasiporuhusu, sahani ya maji.

Umepanga nyumba yenye uwanja na hujui utakaa muda gani: maji, na shahamu miezi ya baridi kabisa. Vyote unaondoka navyo. Mwombe mwenye nyumba akuruhusu uache majani chini ya ua mpaka Machi.

Una ardhi yako: anza na vichaka mwaka huu, hata viwili, kisha weka kilishio kimoja kwa miaka hiyo ya kungoja. Vichaka vikianza kuzaa unaweza kukipunguza.

Unasafiri mara kwa mara: vichaka, kona isiyofyekwa, na kilishio siku ulizopo. Kilishio kichafu kilichojaa ni kibaya kuliko kitupu, kwa hiyo kiondoe ukisafiri.

Kuna habari za ndege wagonjwa eneo lako: sitisha mbegu na hata beseni, kwa sababu yote mawili huwakusanya. Vichaka havina shida hiyo kwa kiwango hicho. Fuata matangazo ya idara ya wanyamapori kabla ya kurudisha.

Watoto ndio wanaokusukuma: kilishio, bila kusita, kwa sababu wanahitaji kuona kitu wiki hii. Wape kazi ya kuhesabu. Hesabu ya ndege wa bustanini inayoendeshwa na RSPB, shirika la kuhifadhi ndege la Uingereza, kila Januari ilianza mwaka 1979 kama shughuli ya watoto, na Marekani na Kanada kuna mradi uitwao Project FeederWatch unaopokea hesabu za vilishioni kuanzia Novemba hadi Aprili.

Una uwezo wa jambo moja tu na baridi imeshaanza: toka nje sasa uangalie kama kuna maji yasiyoganda mahali popote unapoweza kuyaona kutoka mlangoni kwako. Yasipokuwapo, anza na beseni. Yakiwapo, nunua alizeti nyeusi, na brashi ya kuoshea kilishio siku hiyohiyo.